Maporomoko madogo ya mijini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayetaka kwenda kutazama poromoko la maji lililobanwa na mji: lile la nyuma ya kiwanda kilichofungwa, la chini ya daraja la magari, la mwisho wa bustani ambako watu hukimbia mazoezi asubuhi bila kugeuza shingo. Mengi yana kimo cha mita tatu, tano, kumi hivi, ingawa yapo yanayozidi hapo. Maji ya kifuu, bahari ya chungu. Nimejibu kwa kirefu penye hatari na pale ninapoulizwa sana. Kwingine nimepita haraka.

Haya ni maporomoko ya kweli, au ni kuta za zege tu?

Mara nyingi ni yote mawili kwa pamoja. Poromoko la asili hutokea, kwa kawaida, pale mto unapovuka mwamba mgumu ulioketi juu ya mwamba laini. Maji hula ule laini kutoka chini, ule mgumu hubaki umening'inia kama kibaraza, mwishowe hukatika, na poromoko hurudi nyuma kuelekea mto unakotoka. Yaani poromoko hutembea. Mji hautaki kitu kinachotembea chini ya madaraja na majengo yake, kwa hiyo hulifunga mahali pamoja.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Saint Anthony, katika mto Mississippi, katikati ya jiji la Minneapolis, Marekani. Wenye viwanda walichimba handaki chini ya mwamba wa chokaa, na tarehe 5 Oktoba 1869 mto ukapenya ndani yake. Mwamba wa mchanga ulio chini ukaanza kusombwa, ikaonekana wazi kwamba poromoko zima lingeweza kubomoka na kubaki mteremko wa mawe. Wahandisi wakajenga ukuta wa zege chini ya ardhi, ng'ambo hadi ng'ambo ya mto, na juu wakatandika sakafu ya mbao ili maji yateleze badala ya kuchimba. Katika karne iliyofuata sakafu hiyo ikawa ya zege. Ukisimama pale leo unaona maji yakishuka juu ya mteremko laini uliotengenezwa na watu. Hata hivyo mimi huliita poromoko la kweli, kwa sababu mto ni ule ule na kushuka kwa ardhi ni kule kule. Mtu aliyefungwa bandeji hajaacha kuwa mtu.

Ukitaka kupima mwenyewe, anza na mdomo wa poromoko, pale maji yanapoanzia kuanguka. Mdomo ulionyooka kama rula una zege au gogo chini yake. Wa asili umepindapinda, na maji hugawanyika nyuzi nyuzi, nyingine nene, nyingine nyembamba. Kisha tazama kuta za pembeni: je, unaona matabaka ya mwamba, au mawe yaliyochongwa na kupangwa? Na ukiona matundu ya mraba kwenye mwamba, yamepangwa kwa mstari, umepata kitu kizuri. Hapo ndipo zilipokuwa zimechomekwa nguzo za kinu cha maji.

Lipo kundi la tatu, yaliyotengenezwa tangu mwanzo. Kijito cha Cheonggyecheon kule Seoul, Korea Kusini, kilifunikwa na barabara kwa miongo kadhaa. Mwaka 2003 wakaanza kubomoa barabara ya juu, na mwaka 2005 kijito kikafunguliwa tena kwa watu. Sehemu kubwa ya maji yake husukumwa kwa pampu, na mahali kinapoanzia pana poromoko la kutengenezwa. Wako wanaosema hicho si kijito, ni chemchemi ndefu ya bustani. Sikatai, lakini nimeona ni afadhali maji yanayosukumwa kwa pampu kuliko kijito kilichosahaulika chini ya lami.

Kwa nini watu walijenga mji juu ya poromoko zuri namna hiyo?

Swali hili naulizwa kwa uchungu, na nauelewa uchungu wenyewe. Ila mara nyingi mambo yalianza upande wa pili: poromoko ndilo lililouita mji.

Kabla ya mvuke na umeme, maji yanayoanguka ndiyo yaliyokuwa injini. Penye kimo na maji ya kutosha paliwekwa gurudumu, penye gurudumu pakasagwa nafaka, pakapasuliwa mbao, pakasokotwa nyuzi, na watu wakahamia hapo. Helsinki ilianzishwa mwaka 1550 kando ya maporomoko ya mdomo wa mto Vantaa, kabla haijahamishiwa ilipo sasa. Tampere, nayo iko Ufini, imekaa juu ya Tammerkoski, mkondo unaoshuka mita 18 kati ya maziwa mawili. Kiwanda kilichoanzishwa hapo mwaka 1820 na Mskoti James Finlayson kilikuja kuwa kiwanda kikubwa cha pamba. Paterson, katika jimbo la New Jersey, ulipangwa kabisa kwa ajili ya poromoko lake la mita 23: mwaka 1791 Alexander Hamilton, aliyekuwa waziri wa fedha wa Marekani, na wenzake waliunda shirika la viwanda, wakachagua mahali hapo kwa sababu ya nguvu ya maji.

Kwa hiyo ukifika usitafute tu kile kilichoharibiwa. Tafuta mfereji uliochepusha maji kutoka juu ya poromoko na kuyapeleka kwenye magurudumu, kwa kuwa karibu kila poromoko la viwanda linao, hata kama leo ni kijia cha miguu chenye nyasi. Rochester, katika jimbo la New York, mfereji huo wa zamani bado unafuatika kando ya poromoko la mita 29, na ukiutembea unaelewa barabara na majengo kwa nini vimekaa vilivyokaa.

Italia kuna mji mdogo uitwao Isola del Liri ambako mto hugawanyika mikono miwili kuzunguka kasri, na mkono mmoja huanguka kama mita 27 katikati ya mji, mbele ya nyumba na meza za migahawa. Viwanda vya karatasi vilivyokula maji hayo vingi vimekwisha, poromoko limebaki.

Nimefika na hakuna maji. Nimekosea mahali?

Huenda hukukosea. Yapo mambo matatu ya kuyafikiria.

La kwanza ni majira, na hilo halihitaji maelezo.

La pili ni lami. Mvua inayoanguka kwenye udongo huzama, ikatoka polepole kwenye chemchemi kwa wiki na miezi; hayo ndiyo maji yanayolisha kijito siku za jua. Mvua inayoanguka kwenye paa na barabara hukimbilia mtaroni, ikafika mtoni saa ile ile, ikaisha. Ndiyo maana kijito cha mjini hufurika kupita kiasi siku ya mvua na kukauka kupita kiasi siku zinazofuata. Mto mmoja, tabia mbili.

La tatu ni mkono wa mtu kwenye lango la bwawa. Minnehaha, poromoko la mita 16 ndani ya bustani kule Minneapolis, hulishwa na kijito kinachotoka Ziwa Minnetonka, na pale kijito kinapotokea ziwani pana lango. Lango likifungwa wakati wa ukame, poromoko huweza kunyauka kabisa. Mwaka 1964 Rais Lyndon Johnson alipokwenda kulitazama, ilibidi wafungue mabomba ya zimamoto huko juu ili akute maji yanaanguka. Imatra, Ufini, kulijengwa kituo cha umeme katika miaka ya 1920, na sasa mkondo wa zamani hukaa mkavu, ila majira ya joto hufunguliwa kwa saa maalumu na watu hukusanyika darajani kungoja. Hata Niagara ina ratiba: mkataba wa mwaka 1950 kati ya Marekani na Kanada unataka mita za ujazo 2,832 kwa sekunde zipite saa za watalii, na nusu yake saa nyingine.

Basi kabla ya kufunga safari, angalia kama poromoko lako liko chini ya bwawa au kituo cha umeme. Likiwa hivyo, ulizia siku na saa za kufunguliwa maji. Ukikuta pakavu, usigeuke ukaondoka mara moja. Siku kavu ndiyo siku pekee utakayouona mwamba wenyewe, mashimo ya mviringo yaliyochimbwa na kokoto zikizungushwa na maji, na vyuma vya zamani vilivyo ndani ya kidimbwi.

Niende wakati gani?

Siku moja au mbili baada ya mvua ya kutosha, asubuhi. Maji bado yapo, tope limeanza kutulia, na manyunyu hushika mwanga wa jua la upande. Mvua ikiwa inanyesha, au imekatika hivi punde, usishuke chini. Nalirudia kwa sababu watu hudhani mvua lazima iwe inanyesha pale waliposimama.

Nilikuwa nimekaa siku moja juu ya jiwe bapa mbele ya poromoko dogo, chini ya daraja, mbingu ni samawati tupu. Kilichobadilika kwanza ni rangi: maji maangavu yakawa kama chai ya rangi. Kisha yakaja majani makavu, mengi kwa mpigo mmoja, kama mtu aliyefagia ua. Kisha chupa za plastiki. Sauti ndiyo iliyokuja mwisho. Nilikuwa nimeshapanda ngazi, na nilipogeuka lile jiwe halikuonekana. Mvua ilikuwa imepiga upande mwingine wa mji, ambako mimi sikuuona hata wingu lake, na mitaro yote ya huko ilikuwa inamwaga kwenye kijito kimoja.

Kwa hiyo chukua agizo hili: rangi ikibadilika, au majani na takataka zikianza kuja kwa wingi, ondoka hapo hapo. Usingoje sauti. Na usikae wala kusimama mbele ya mdomo wa kalavati, hata liwe kavu kiasi gani.

Naweza kuoga au kuogelea?

Jibu langu ni hapana, isipokuwa mamlaka ya mahali hapo inapima maji na kutangaza kwamba ni salama kwa kuogelea. Najua linakatisha tamaa, hasa siku ya joto, maji yakiwa yanameremeta mbele yako.

Sababu yake iko chini ya barabara. Katika miji mingi ya zamani maji ya mvua na maji taka ya vyooni hupita bomba moja. Siku kavu yote huenda kwenye mtambo wa kusafishia. Mvua ikizidi, bomba hujaa, na limejengwa makusudi ili kilichozidi kimwagikie mtoni badala ya kurudi majumbani. Ni mpango wa wahandisi wa karne ya 19, na bado unafanya kazi hivyo hivyo. Hata miji yenye mabomba mawili haijasalimika, kwa sababu mitaro ya mvua hukusanya mafuta ya magari, vinyesi vya wanyama na chochote kilichotupwa barabarani.

Na macho hayatoshi kukuambia. Hamilton, Kanada, ni mji wenye maporomoko zaidi ya 100, na mojawapo ya vijito vyake ni Chedoke. Kati ya mwaka 2014 na 2018 lita bilioni 24 hivi za maji taka yaliyochanganyika na ya mvua zilivujia kwenye sehemu ya chini ya kijito hicho, kwa sababu lango la tangi moja lilikuwa limeachwa wazi kidogo. Miaka minne, na watu wakipita kando yake kila siku.

Kama umegusa maji, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula au kushika uso. Kama una kidonda au mkwaruzo, usiyaguse kabisa: leptospirosisi, ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa panya na wanyama wengine, huingilia hapo hapo. Katika nchi za joto ongeza kichocho, hasa kwenye vidimbwi vilivyotulia vyenye konokono. Ukipata homa siku au wiki chache baada ya ziara, mwambie daktari kwamba uligusa maji ya mto wa mjini. Ni taarifa itakayomsaidia, na hawezi kuibuni.

Povu lile jeupe ni sabuni?

Si lazima. Majani yakioza majini huacha vitu vinavyofanya maji yatoe povu yakipigwa, na poromoko kazi yake ni kupiga maji. Povu la namna hiyo huwa na rangi ya krimu au kahawia, hunuka udongo, na hukusanyika pembeni kwenye maji yaliyotulia. Povu la sabuni ni jeupe zaidi, huteleza kidogo, huwa na harufu ya manukato, na mara nyingi ukilifuata unakuta bomba linalolitoa.

Kinachonitia wasiwasi kuliko povu ni nyuzi za kijivu kwenye mawe, laini, zinazopepea majini kama sufi iliyolowa. Ukiinama ukaziangalia kwa karibu utaona zimeshikilia hata vijiti na mifuko. Hizo ni bakteria wanaokula uchafu, na zikionekana nyingi maana yake maji taka yanaingia hapo kila siku, si siku moja ya bahati mbaya. Harufu ya mayai yaliyooza husema jambo linalokaribiana na hilo: kuna tope lisilopata hewa.

Kile kizingiti kidogo cha zege, chenye kimo cha goti, kina hatari gani?

Kinaweza kuua kama poromoko refu, na hili ndilo jibu ambalo ningependa lisomwe na wote.

Vizingiti hivi vilijengwa kuinua maji kidogo kwa ajili ya vinu, mabomba au mitumbwi. Maji huteleza juu yake kwa unyoofu, kutoka ukingo hadi ukingo, bila mwanya. Yakifika chini hayaendi mbele yote. Sehemu ya juu hujikunja na kurudi kwenye ukuta, ikizunguka kama mashine ya kufulia. Mtu aliyeingia humo huvutwa kwenye ukuta, husukumwa chini, huibuka, kisha huvutwa tena. Maji yamejaa hewa, kwa hiyo hayamwezeshi hata kuelea vizuri. Poromoko la asili lina mawe na kona ambazo mkondo hupenya ukakutoa. Ukuta ulionyooka hauna mlango.

Mbaya zaidi, ukiwa upande wa juu hukioni. Unaona uso wa maji umetulia kama kioo, halafu mstari. Baadhi ya wanaokufa hapo ni waliomfuata aliyezama. Ukiona mtu ameingia, mrushie kamba, fito, koti, chochote kirefu kinachofika, na piga simu ya dharura. Usimfuate.

Kwa nini wameweka uzio? Picha nilizoziona zimepigwa kutoka chini.

Kwa sababu watu walianguka. Albion Falls, huko huko Hamilton, ni poromoko la ngazi ngazi lililozungukwa na mitaa ya makazi, na mwaka 2017 jiji liliweka uzio baada ya ajali na vifo. Mwamba wa pale ni ule ule niliousema mwanzoni, mgumu juu na laini chini, kwa hiyo unachokanyaga ukingoni kinaweza kuwa kibaraza kisicho na kitu chini yake. Nyasi haziwezi kukuonyesha.

Mimi huheshimu uzio, hata ule unaoonekana umewekwa mbali mno. Picha nyingi za kutoka chini zilipigwa kabla ya uzio, au zilipigwa na mtu aliyebahatika. Badala ya kuruka, zunguka. Poromoko la mjini lina faida ambayo la msituni halina: lina madaraja, maegesho ya ghorofa, madirisha ya makumbusho, ngazi za ofisi. Mara kadhaa nimepata mahali bora pa kutazamia kwa kuvuka barabara tu.

Naweza kwenda na watoto, au na mtu anayetumia kiti cha magurudumu?

Ndiyo, na hapa mji unashinda pori. Sehemu nyingi zina kijia cha lami na ukuta wa kushika hadi kwenye mdomo wa maji. Uliza kabla kuhusu ngazi, kwa sababu kijia kizuri chaweza kuishia kwenye ngazi 50 za chuma bila onyo. Watoto washikwe mkono pale mawe yanapokuwa na rangi ya kijani iliyokoza: huo ni mwani, na unateleza kuliko barafu hata kwa viatu vizuri. Wape kazi ya kuhesabu mabomba yanayomwaga mtoni. Wataona mengi kukuzidi.

Nitayapataje? Katika orodha za vivutio hayapo.

Fungua ramani ya mji, fuata mstari wa samawati kwa kidole. Mahali mistari ya kimo cha ardhi inaposongamana juu ya mto, pana mteremko, na huenda pana poromoko. Mstari wa samawati ukikatika ghafla na kuanza tena mitaa kadhaa mbele, kijito kimeingizwa kalavatini. Nenda pale kinapotokea, kwa sababu wahandisi hupenda kumalizia tofauti ya kimo kwa kuyaangusha maji mdomoni. Majina ya mitaa nayo husema: barabara ya kinu, njia ya bwawa, mtaa wa daraja ambao leo hauna daraja.

Ramani za zamani ni hazina. Ziweke kando ya ramani ya sasa, utaona vijito vilivyomezwa.

Angalia pia kama njia ya kufikia ni ya umma. Mengi yako nyuma ya viwanda au vituo vya umeme, na mlinzi wa getini hana kosa akikuzuia. Mara nyingi ukimuuliza kwa adabu atakuelekeza ng'ambo ambako panaonekana vizuri zaidi, maana yeye amelitazama miaka yote.

Nikifika nitazame nini? Ni dogo, dakika tano nimemaliza.

Basi usianzie hapo. Anzia mita mia chache juu yake, utembee pamoja na maji. Utaona mto ukinyooshwa kati ya kuta, ukipita chini ya barabara, ukipokea bomba hili na lile. Ukifika pale unapoanguka utakuwa unajua umebeba nini. Kisha endelea chini kidogo, uone mji unaufanyia nini baadaye.

Pale penyewe simama kimya. Sikiliza mpaka utenganishe sauti ya maji na ya magari. Mwanzoni ni mvumo mmoja, baada ya muda vinaachana. Tazama ndege wadogo wanaopita nyuma ya pazia la maji. Tazama ukoga na kuvumwani, ule utando wa kijani unaoota penye unyevu, vilipokomea kwenye ukuta, kwa kuwa mstari huo ni kimo cha manyunyu. Juu zaidi, tafuta vijiti na mifuko iliyonasa kwenye matawi: hicho ni kimo cha mafuriko ya mwisho, na mara nyingi kiko juu ya kichwa chako.

Kuhusu picha?

Mawingu ni bora kuliko jua kali. Egemeza kamera kwenye ukuta wa kushika kama huna mguu wa kamera. Na usilikate daraja wala jengo ili poromoko lionekane la msituni. Ukilikata, umelipiga picha poromoko lisilokuwepo.

Poromoko lililoharibiwa linaweza kurudishwa?

Kwa kiasi, na wakati mwingine kwa kiasi kikubwa. Greenville, South Carolina, ulizaliwa kwenye maporomoko ya mto Reedy, kisha viwanda vya nguo vikauchafua, na mwaka 1960 daraja la magari likajengwa juu yake moja kwa moja. Watu walikua katika mji huo bila kuyaona maporomoko yaliyouanzisha. Mwaka 2002 daraja lilibomolewa, na mwaka 2004 likafunguliwa daraja la waenda kwa miguu lililopinda, linalozunguka maporomoko badala ya kuyafunika. Hawakujenga poromoko jipya. Waliondoa kilichokuwa juu yake.

Lakini kufungua mandhari ni kazi nyepesi kuliko kurudisha maji. Maji hurudi kwa ardhi inayoyanywa: miti, bustani, mabonde yasiyojengwa. Katika msitu wa Karura, ndani ya jiji la Nairobi, kuna poromoko ambalo watu hulitembelea kila siku, na msitu huo ungekuwa umegawanywa viwanja kama Wangari Maathai na wenzake wasingesimama mbele ya waliotaka kuuchukua, hadi wakapigwa, Januari 1999. Ukilitazama poromoko lile unatazama pia miti iliyo juu yake. Bila hiyo lingekuwa mdomo wa mtaro.

Na yapo yasiyorudi. Vituo vya umeme bado vinafanya kazi, na mji hauzimi taa zake kwa ajili ya poromoko. Pale ninachokitetea ni kiasi cha chini cha maji kinachoachwa kipite siku zote, ili samaki na mwamba vipate haki yao.

Nimeona bomba linamwaga uchafu. Nifanye nini?

Kwanza jiulize mvua ilinyesha lini. Bomba la maji ya mvua linalotiririka wakati hakujanyesha siku tatu linabeba kitu kisichostahili kuwemo, labda bomba la choo limeunganishwa kimakosa, labda kiwanda kinaosha mashine. Usiguse, usinuse kwa karibu. Piga picha mbili, moja ya mdomo wa bomba, nyingine kwa mbali ikionyesha mahali lilipo ukingoni. Andika tarehe, saa, rangi, na namba iliyopakwa juu ya bomba kama ipo, kisha upeleke kwa ofisi inayosimamia mazingira au maji taka. Wakikujibu kwamba wamekagua na hawakuona kitu, rudi saa ile ile ya siku ile ile ya wiki uliyoona mara ya kwanza. Uchafu wa viwanda na wa kufulia hufuata ratiba, na anayekagua Jumanne asubuhi hawezi kuona kinachomwagwa Ijumaa jioni.